Naombeni ushauri: nishabikie timu gani ya kikapu?

Wakuu, habari zenu. Naishi Seattle, na ugonjwa wangu ni muziki wa roki na mpira wa kikapu. Hapa vimeshikana: Pearl Jam, bendi ya roki ya hapa, walianza kwa kujiita Mookie Blaylock, jina la mchezaji wa NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), na albamu yao Ten (kumi) ya 1991 ni namba ya jezi yake. (Kwangu wanawazidi Nirvana, nitukaneni tu.)

Sasa shida. SuperSonics, timu yetu ya NBA hapa Seattle, walihamishiwa Oklahoma City mwaka 2008, wakaitwa Thunder, na 2025 wakabeba ubingwa. Shemeji anasema ni timu ileile, nishangilie. Moyo umegoma kabisa! Storm, timu ya kina dada ya hapa Seattle, ipo, ina mataji manne, ila ligi yao ni ya kiangazi. Majira ya baridi nimfuate nani? Blazers wa Portland ni jirani, lakini hao walikuwa watani wetu.