Kupima aleji ya chakula: ngozi, damu au kulishwa mbele ya daktari? (Ulinganisho)

MamaTulivu
Wakuu, habari zenu. Mwanangu wa miaka mitatu amekula yai la kukaanga, na kabla sijaondoa sahani mezani midomo imeshavimba na mabaka mekundu yametapakaa shingoni. Jioni yakawa yameisha. Sasa kila mtu ana lake: huyu anasema kapime damu, yule anasema kipimo cha ngozi ndicho chenyewe, na kuna anayeuza kipimo cha kutuma unywele halafu unaletewa orodha ya vyakula vya kuacha. Mliopitia haya naomba mnilinganishie. Kipi kinaaminika, kipi kinaumiza, kipi ni kutupa hela? Mtoto ana pumu ya ngozi pia, kama hilo linabadili chochote.

Nesi_wa_Zamu
Pole mama, na mtoto mpe pole. Niko kliniki ya aleji kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kwanza usimpe tena yai la namna hiyo hadi aonwe. Na ikitokea tena akabanwa pumzi, akalegea au sauti ikabadilika, ni dharura, mkimbizeni hospitali muda huo huo.

Vipimo vya ngozi na vya damu vinatafuta kitu kilekile: kingamwili aina ya IgE inayolenga chakula fulani. Shida ni kwamba mtu anaweza kuwa nayo mwilini na chakula hicho akala kila siku bila kudhurika. Ndiyo maana daktari mzuri atakuhoji kwanza: alikula nini, kiasi gani, kilipikwaje, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, aliwahi kukila kabla? Majibu yako ndiyo yanayoamua apimwe nini. Ukiona mahali wanapima vyakula thelathini kwa mkupuo bila kukuuliza neno, ondoka.

Ngozi: tone la kimiminika chenye protini ya chakula linawekwa mkononi upande wa ndani, au mgongoni kwa watoto wadogo. Kisindano kifupi kinapita katikati ya tone na kugusa ngozi ya juu tu. Pembeni kuna tone la histamini, kemikali inayovimbisha ngozi, ambalo lazima livimbe, na tone la maji ya chumvi, ambalo halitakiwi kuvimba. Bila hayo mawili jibu halina maana. Baada ya dakika 15 hadi 20 tunashika rula. Kivimbe kikizidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, tunaandika chanya. Mtoto atalalamika zaidi kuwashwa kuliko kuchomwa. Jibu likiwa hasi, kwa aleji za haraka kama ya mwanao, mara nyingi unaweza kuliamini. Likiwa chanya, twende taratibu.

Damu: sindano moja, majibu baada ya siku kadhaa. Faida yake ni kwamba dawa za mzio haziiharibu, wakati kipimo cha ngozi kinataka uziache siku kadhaa kabla, mara nyingi hadi wiki. Na ikiwa ngozi imechachamaa kiasi cha kukosa mahali pa kuchoma, damu ndiyo njia. Lakini watoto wa pumu ya ngozi wana tabia ya kuwa na IgE nyingi kwa ujumla, hivyo utakuta chanya ndogondogo za ngano, soya, maziwa, vitu anavyokula toka azaliwe. Hizo zisikuchanganye.

KichwaNgumu
Nesi, kwa hiyo namba ikiwa kubwa ndo aleji kali? Mdogo wangu alitoka na 40 kwenye kipimo cha damu cha karanga, nyumbani tunamwangalia kama bomu.

Nesi_wa_Zamu
Hapana mkuu. Maabara nyingi zinahesabu kuanzia 0.35 kuwa chanya, na kadiri namba inavyopanda ndivyo uwezekano wa kuwa na aleji ya kweli unavyopanda. Ukali ni habari nyingine. Mwenye 40 anaweza kutoka vipele tu, na mwenye 2 akaishia kwenye oksijeni. Ukubwa wa kivimbe cha ngozi nao ni hivyo hivyo. Kwa namba hiyo ya karanga aendelee kuziepuka, na muulize daktari wake kuhusu sindano ya adrenalini, dawa ya dharura ya aleji kali, ya kutembea nayo.

BabaMapacha
Sisi tulipita njia yote hadi mwisho. Binti alitoka chanya ya karanga kwenye ngozi na damu, na alikuwa hajawahi kuzila. Tungeishia hapo angeandikiwa aleji maisha yake yote. Daktari akaagiza damu ichambuliwe protini mojamoja. Karanga ina protini nyingi, zina majina kama Ara h 2, Ara h 8. Ile ya 2 ndiyo ya kuogopwa. Ile ya 8 inafanana na protini iliyomo kwenye chavua za miti fulani, kwa hiyo mtu wa mafua ya chavua anaweza kuonekana ana aleji ya karanga kumbe mwili umefananisha tu. Binti alikuwa na ya 8 peke yake.

Ndipo wakamlisha palepale kliniki. Asubuhi wakamkagua ngozi yote, wakamsikiliza kifua, wakapima presha, adrenalini ikawekwa mezani ikiwa tayari. Kiasi cha kwanza cha siagi ya karanga kilikuwa kama tone la wino kwenye ncha ya kijiko. Unasubiri. Nesi anafunua fulana, anaangalia tumbo na mgongo, anamwambia atoe ulimi. Kisha kiasi kingine kikubwa kidogo, mpaka akamaliza kiwango cha umri wake, halafu tukakaa tena saa kadhaa kumwangalia. Kazi kubwa ya siku hiyo ni kumshawishi mtoto aliyechoka ameze kijiko cha mwisho. Alimeza, na sasa anakula karanga.

Kwangu mimi hicho ndicho kipimo chenye jibu. Vingine vinabashiri.

MzeeWaMaktaba
BabaMapacha umesema kweli, na hata watafiti wanakubali. Cha uhakika kabisa ni kile ambacho mgonjwa na daktari wote hawajui kama kijiko kina chakula kinachoshukiwa au hakina. Daktari Charles May alikitumia kwa watoto wenye pumu, akachapisha mwaka 1976.

Nje ya mada kidogo, ila inanifurahisha: mwaka 1921 daktari mmoja, Heinz Küstner, alikuwa na aleji ya samaki. Mwenzake Carl Prausnitz akachukua majimaji ya damu ya Küstner akajidunga kwenye ngozi yake mwenyewe, kesho yake akajidunga samaki mahali palepale. Pakavimba! Wakajua kuna kitu kwenye damu kinachobeba aleji. Kitu chenyewe, IgE, kilikuja kutambuliwa miaka ya 1960. Njia hiyo iliachwa, maana kuhamisha damu ya mtu ni kuhamisha na magonjwa yake.

MlajiMakini
Mimi napingana na wote. Nilipima IgG, kingamwili nyingine tofauti na IgE, ya vyakula kibao, wakaniambia niache ngano, maziwa na mayai. Nimeacha, tumbo limetulia, nguvu zimerudi. Hospitali walikuwa wananizungusha tu.

Nesi_wa_Zamu
Nafurahi umepata nafuu, na siiti uongo. Ila IgG inaonyesha kwamba mwili umezoeana na chakula, yaani unakila. Ndiyo maana orodha hizo hujaa vyakula vya kila siku. Chama cha Ulaya cha aleji, EAACI, kilishasema mwaka 2008 kwamba kipimo hicho kisitumike kutafuta aleji ya chakula. Unywele ndio kabisa, hauna cha kusema kuhusu aleji.

Nafuu yako inaweza kuwa na maelezo mengine. Maziwa: huenda tumbo halisagi laktosi, yaani sukari ya maziwa, na hiyo si aleji, inapimwa kwa pumzi. Ngano: kuna ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano inaumiza utumbo, unaopimwa kwa damu, lakini lazima uwe bado unakula ngano, la sivyo jibu linatoka hasi wakati ugonjwa upo. Zungumza na daktari kabla hujaizoea kabisa hiyo orodha.

Kwa watoto ndipo orodha hizi zinaponitia hasira. Utafiti wa LEAP wa Uingereza, uliochapishwa 2015, ulichukua zaidi ya watoto wachanga 600 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai. Waliolishwa karanga mapema, 3.2% walikuwa na aleji ya karanga walipofika miaka mitano. Waliozikwepa, 17.2%. Kumnyima mtoto chakula bila sababu kunaweza kumtengenezea aleji.

DadaMpole
Niongeze moja. Wangu alikuwa anatapika mfululizo saa mbili hivi baada ya kula, analegea na kupauka. Ngozi hasi, damu hasi. Kumbe kuna aleji ya utumbo isiyopita kwenye IgE, vipimo hivyo haviioni hata kidogo. Ilijulikana kwa historia na kwa kuondoa chakula kisha kukirudisha hospitalini. Kwa hiyo hasi nayo isikuzibe masikio.

MamaTulivu
Asanteni sana jamani. Unywele nimeuweka kando. Swali la mwisho kwa nesi: keki anakula siku zote na haina shida, na ina mayai. Niiache?

Nesi_wa_Zamu
Hilo ungeanza nalo mama! Watoto wengi wa aleji ya yai wanastahimili yai lililookwa ndani ya unga kwa muda mrefu, kwa sababu moto unavuruga sehemu ya protini zake. Kama amekuwa akila keki bila tatizo, kwa kawaida aendelee na ileile, iliyookwa vilevile, na umwambie daktari. Usimjaribu na chapati za maji wala yai lisiloiva vizuri.

Omba kipimo cha ngozi cha yai, na damu ikiwa pumu ya ngozi haijatulia. Kumlisha kliniki kutakuja baadaye kama daktari ataona inafaa. Na kama anatumia sirapu ya mafua, chungulia lebo ya chupa, nyingi zina dawa ya mzio ndani. Ikiwemo, wapigie kliniki kabla ya siku ya kupimwa.