Karani kauliza jina la mtoto, mwenzangu kajibu jina LAKE!!!

Jamani naandika mikono inatetemeka, herufi zikirukaruka mnisamehe. Yule mtu mnamjua, yule yule niliyekuwa namsifia humu mimba ilipoingia, eti mwanaume anayesikiliza. Jina lake silitaji, na mkisoma mtaona kwa nini halitoki hata mdomoni.

Ujauzito mzima tumekaa tunachagua jina. Mzima! Orodha kwenye simu, tunafuta, tunaandika tena, tunayaita kwa sauti tusikie yanavyotoka, tunaangalia herufi za mwanzo zisije zikakutana zikawa tusi, tunakata yote ya watu waliotutesa shuleni. Mwisho tukabaki na Amani. AMANI. Na yeye ndiye aliyelileta! Kila usiku analiita tumboni, mtoto akipiga teke anacheka mpaka machozi.

Leo sasa, dirisha la usajili. Karani hata kichwa hajainua, "jina la mtoto?" Mimi nafungua mdomo, mwenzangu kashajibu. Jina lake yeye. Jina lake LOTE, na Junior mwishoni. Karani anaandika. Namgeukia, ananiambia "tutaongea nyumbani."

Tutaongea nyumbani!! Mtoto keshaandikwa, nyumbani tunaongea nini, rangi ya mapazia?

Nimebeba mimi, nimetapika mimi mpaka majirani wakazoea, nimepasuliwa mimi, halafu mtu aliyekuwa ameshika mkoba ndiyo anajiandika duniani mara mbili. Sasa nikiita mmoja wanaitika wawili, nikimgombeza mkubwa mdogo analia. Na ile "tutaongea nyumbani" kaitamka foleni nzima inasikia, kuna mama nyuma yetu akaguna kabisa. Haya, nyumbani tumefika. Kalala! Anakoroma hapa ninapoandika!

Mimi namwita Amani, na atakayesema Junior mbele yangu tutakosana.

Kiti_cha_Mbele: Nimeweka kambi, sitoki humu.

Mama_Wawili: Pole sana dada yangu. Kesho asubuhi rudi pale kaulize kama cheti kimeshatoka, kikishatoka ndiyo unaanza kuzungushwa na viapo.

Bondia_Mstaafu: We mshukuru Mungu. Yule bondia George Foreman watoto wake wa kiume 5 wote kawaita George. Watano! Wewe mmoja tu umeshajaza ukurasa.

Mleta uzi: Sikuolewa na bondia mimi! TULIKUBALIANA. Halafu ananiambia tutaongea nyumbani!

Sheria_Kwanza: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 7, mtoto ana haki ya jina tangu anazaliwa. Hakuna palipoandikwa jina alilotaka mama. Jina kapata, tuendelee.

Baba_J: Wanaume tunaonewa sana humu. Kubeba jina la baba imekuwa dhambi? Mimi mke wangu kampa binti yetu jina lenye h mbili na y tatu, kila ofisi nasimama namtajia mtu herufi moja moja na bado wanakosea, na hakuna aliyenifungulia uzi.

Shangazi_Mkali: Y tatu afadhali yako. Mimi wifi kaniibia jina nililolitunza tangu sijaolewa! Nilimtajia kwa siri, akajifungua kabla yangu, akalibeba.

Baba_J: Jina haliibiwi shangazi, si mali ya mtu.

Shangazi_Mkali: LINAIBIWA. Tena anakuja kunionyesha mtoto anatabasamu.

Mleta uzi: Samahani, kuna mtu anajua marekebisho yanachukua muda gani?

Kiti_cha_Mbele: Dawa ni Iceland, kule kuna kamati ya majina tangu 1991, jina geni halipiti mpaka walikubali.

Bondia_Mstaafu: Na New Zealand, mwisho herufi 70, na ukitaka kumwita mtoto King au Prince wanakurudisha, eti ni vyeo.

Baba_J: 70?? Mke wangu asione hii.

Mama_Wawili: Shangazi, mbona hujatuambia, wifi alichukua jina gani?

Shangazi_Mkali: Silitaji. Nyie nao mtalibeba.