Pampu ya maji 6.5hp inanyang'anya kamba na kutema moto kwenye kabureta, fundi anadai kompresheni imekufa. Msaada wakuu

Vitunguu_Ruaha
Wakuu habari za majukumu. Nipo Ruaha Mbuyuni, nalima vitunguu kwa pampu ya petroli ya kichina, ile yenye injini ya 6.5hp iliyonakiliwa kutoka Honda GX200. Ilianza kuvujisha oili upande wa flaiwili (lile gurudumu zito lenye sumaku na feni), nikaipeleka kwa fundi abadilishe sili, ile raba ya kuzuia oili. Tangu irudi ni vita. Ukivuta kamba inakunyang'anya mkononi, mara inapiga mshindo na moto unatokea kwenye kabureta. Ikiwaka inafuka moshi wa bluu, haina nguvu, maji hayafiki mwisho wa majaruba. Fundi kapima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), geji imesoma 50 psi. Anataka hela ya ringi, pistoni na kuchonga silinda. Vitunguu ndio vinaanza kuweka kichwa, maji siwezi kukatisha. Nianzie wapi?

kijana_wa_mtaa
Hiyo petroli ya kwenye chupa za barabarani mkuu. Imechanganywa mafuta ya taa.

Gereji Bubu
50 psi hamna injini hapo. Ringi zimekwisha ndio maana inakula oili. Fanya overhaul, usimuonee fundi.

Spana 19
Mkuu Gereji Bubu, taratibu. Injini za muundo huu zina kipunguza kompresheni kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu). Ukivuta kamba, kinainua valvu ya eksozi kidogo ili mkono wako usiumie, na mwendo ukipanda kinajiondoa chenyewe. Geji ukiisoma kwa kuvuta kamba itakuambia injini imekufa hata kama imetoka dukani leo. Huwezi kuuza ringi kwa kipimo hicho.

Mleta mada, ulisema sili ya upande wa flaiwili. Maana yake flaiwili ilitolewa. Kamba kunyang'anya na moto kurudi kwenye kabureta ni cheche kuja wakati si wake. Fungua kava la kamba na la feni, toa nati, vuta flaiwili kwa pula (usigonge ncha ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, kwa nyundo, tafadhali), uangalie kii, kile kipande kidogo cha chuma kwenye mfereji kati ya flaiwili na kranki. Ikikatwa hata kidogo flaiwili inasogea, sumaku inaipita koili ya cheche mapema au imechelewa.

Mama Nyanya
Kabla hajatoa flaiwili afungue kava la valvu kwanza, hapo hapaumizi mtu. Toa plagi, zungusha kwa mkono huku unatazama. Eksozi ikiwa inamalizia kufunga na intake inaanza kufunguka, pistoni inatakiwa iwe juu kabisa. Ikiwa mbali na hapo, gia ya kamshafti imeruka jino, ndipo ufungue kava la pembeni ulinganishe alama za gia mbili. Ikiwa sawa, tatizo liko kwenye flaiwili. Ukiwa hapohapo piga tapeti (nafasi ya valvu) injini ikiwa ya baridi: intake 0.15 mm, eksozi 0.20. Tapeti ya eksozi ikilegea sana, kile kipunguza kompresheni hakiigusi valvu, kamba inakuwa nzito.

Vitunguu_Ruaha
Asanteni sana. Valvu zinapokezana pistoni ikiwa juu, kama Mama Nyanya alivyosema. Eksozi ilikuwa imelegea, nimeiseti. Flaiwili sasa: nati niliifungua kwa mkono mmoja bila kutumia nguvu. Kii imekatwa upande, flaiwili imehama kama milimita mbili. Niweke kii nyingine tu? Na moshi je?

Spana 19
Umeshapata ugonjwa. Kii kazi yake ni kuonyesha mahali. Kinachoshika flaiwili ni koni ya kranki ikibanwa na nati. Nati ikilegea, kii inabeba mzigo usio wake. Futa oili yote kwenye koni na ndani ya flaiwili, pakauke, weka kii mpya, kaza 75 N·m. Kama huna spana ya kupimia, tumia mpini wa sentimita 30 ukandamize kwa uzito wa kama kilo 25. Usizuie kwa bisibisi kwenye mapezi ya feni, yatavunjika. Halafu acha nafasi ya 0.4 mm kati ya koili na sumaku.

Mama Nyanya
Moshi: fundi alimimina oili kiasi gani?

Vitunguu_Ruaha
Chupa ya lita nzima, mbele yangu.

Mama Nyanya
Injini hiyo inabeba lita 0.6 hivi, baba, oili iliyozidi ndiyo inayofuka. Mwaga, ujaze mpaka ukingo wa tundu pampu ikiwa imekaa sawasawa.

Gereji Bubu
Sawa nimewaelewa, ila moshi ukibaki baada ya hapo narudi kwenye ringi zangu.

Vitunguu_Ruaha
Kii nimepata Ilula. Imewaka mvuto wa pili, moshi umetoka kidogo ukakata. Maji yanafika mwisho. Fundi alikuwa anataka kunichongea kii ya msumari.

Spana 19
Msumari haujazi mfereji, flaiwili ingehama tena ndani ya wiki. Leo jioni, injini ikipoa, rudia kukaza hiyo nati.