Nawapeleka darasa la sita kwenye kinu cha maji cha kale: naomba ushauri wa aliyewahi kwenda

mwalimu_wa_sita

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Nafundisha sayansi darasa la sita, wanafunzi 34. Muhula ujao nataka kuwapeleka kwenye kinu cha kale cha kusaga nafaka kinachoendeshwa na maji. Hiki si gofu la kupigia picha. Bado kinasaga, na unga wake unaliwa.

Niseme kilichonisukuma. Tulikuwa kwenye mada ya nishati. Nimechora ubaoni mto, mshale, gurudumu, mshale mwingine, jiwe. Mtoto mmoja wa kike, mkimya siku zote, akanyoosha mkono: "Mwalimu, maji yanashuka chini. Mbona jiwe liko ghorofani?" Nikamjibu kwa kuongeza mishale. Aliandika, lakini usoni nilimwona hajaridhika, na mimi mwenyewe sikulipenda jibu langu. Tangu siku hiyo nimeazimia waende wakaone kwa macho yao.

Hofu yangu ni hii. Miaka kadhaa nyuma niliwahi kusindikiza safari ya namna hiyo iliyopangwa na mwenzangu. Tulifika mto umepungua, gurudumu limesimama, limeota ukoka. Watoto walilitazama robo saa, wakaanza kurushiana mawe, tukarudi. Sitaki yajirudie.

Naomba mnisaidie: niulize nini kabla ya kuweka tarehe? Niwagawe vipi watoto 34 ndani ya jengo lenye ngazi nyembamba? Na nina watoto wawili wenye pumu, je, niwaache?

mzazi_wa_wawili

Mwalimu, nianze na pumu kwa sababu mwanangu naye ana pumu, na aliwahi kuachwa nyuma safari kama hiyo. Alilia wiki nzima. Usiwaache kabla hujazungumza na wazazi wao.

Vumbi la unga kweli huwasumbua wenye pumu, na ndani ya kinu linapepea hewani muda wote mawe yanaposaga. Lakini si kila chumba kina vumbi sawa. Nje kwenye gurudumu hakuna kabisa. Muulize mwenye kinu vumbi limezidi wapi, uwapeleke hao wawili huko mwishoni na kwa muda mfupi, au wabaki nje na mwalimu wa pili wakipima maji. Dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwa mtoto mwenyewe au mkononi mwa mwalimu aliye naye. Ya kwetu ilibaki ndani ya basi, na dereva alikuwa ameondoka na ufunguo.

Uliza pia kama yupo asiyeruhusiwa ngano. Watoto wataonja tu, hata ukiwakataza.

msagaji_wa_kujitolea

Mwalimu, nimefanya kazi ya kujitolea kwenye kinu cha maji miaka kumi na moja sasa, na nimepokea shule nyingi. Niruhusu niandike kwa urefu kidogo, jambo hili liko moyoni mwangu.

Swali la huyo binti ndilo safari yenyewe. Ukilijibu hilo, mengine yatakuja. Sasa sikiliza vile kinu kinavyokwenda. Maji yanaangukia gurudumu nje, gurudumu linazungusha mhimili mnene unaopenya ukuta hadi ndani. Ndani, huko chini kabisa, kuna gurudumu la meno lililosimama wima, linaloshikana na jingine dogo lililolala. Hapo ndipo mwendo unapogeuka na kuanza kupanda, kwa nguzo iliyosimama, hadi kwenye mawe ghorofani. Nafaka nayo inafuata njia ya kinyume. Gunia linavutwa hadi juu darini, linamiminwa kwenye pipa, na kuanzia hapo nafaka inashuka kwa uzito wake yenyewe: darini, mawe, kisha unga unaporomoka kwenye mfuko sakafu ya chini. Kwa hiyo nguvu ya mto inapanda na nafaka inashuka, na vinakutana kwenye mawe. Wape watoto njia hiyo hiyo: waanze nje, waingie kwenye meno, kisha wapande moja kwa moja hadi dari, wateremke kwenye mawe na wamalizie kwenye unga. Vikundi vingi huingia tu mlangoni na kuzurura, wakitoka hawajui kipi kinaendesha kipi.

La pili, na hili nakuomba ulishikilie hata kama wenye kinu watasita: waombe wasikiwashe kabla hamjafika. Desturi ya wengi ni kufungulia maji asubuhi, wageni wakifika wanakuta gurudumu linazunguka tayari. Hapo mtoto amekosa kilicho bora kuliko vyote. Kinu kikiwa kimesimama, nyumba iko kimya, unasikia mto tu kwa mbali. Lango la maji linainuliwa kidogo. Maji yanaingia kwenye ndoo za gurudumu, ya kwanza inajaa, ya pili inajaa, na bado hakuna kitu. Halafu linatikisika, kama linafikiri. Linakwenda robo mzunguko, na hapo ndani mbao zinaanza kulia, nguzo inazunguka, vumbi la jana linadondoka kutoka kwenye boriti. Sakafu inatetemeka chini ya soli za viatu. Nimeona darasa lililokuwa likipiga kelele tangu kwenye basi likitulia kama maji mtungini.

Ukipata nafasi, nusu wawe nje na nusu ndani lango linapofunguliwa, kisha lifungwe na wabadilishane. Ni dakika kumi tu za ziada.

Kuhusu kuuliza kabla. Usiulize "mko wazi siku gani?" Uliza "mnasaga siku gani?" Hivyo ni vitu viwili tofauti, na nadhani ndicho kilichowaponza safari ile. Maji kidogo yanasimamisha kinu, hilo kila mtu anajua. Lakini mvua nyingi nayo inasimamisha: mto ukifurika, maji ya upande wa kutokea yanapanda hadi kuzamisha sehemu ya chini ya gurudumu, na gurudumu lililozama linakokota maji badala ya kusukumwa. Piga simu siku moja kabla, ukiwa na tarehe ya akiba.

Nenda mwenyewe kwanza, bila watoto. Panda kila ngazi ukiwa na begi mgongoni. Simama kwenye mawe yakisaga na ujaribu kuongea kwa sauti yako ya darasani, utaona haisikiki. Ndiyo maana maelezo yote yatolewe kabla ya kupanda. Kwa watoto 34 ningefanya vikundi vitatu vya 11 au 12, kila kimoja na mtu mzima wake, na kisiwepo zaidi ya kimoja kwenye chumba cha mawe. Vingine viwili viwe na kazi ya kweli nje au kwenye unga, wasiwe wa kusubiri zamu.

Nguo. Tai zivuliwe, mitandio ichomekwe ndani na kubanwa, nywele ndefu zifungwe, kamba za kofia za makoti ziingizwe ndani, mikono ya sweta ikunjwe. Meno ya kinu hayana haraka, ila hayasimami yakishika kitu. Pia waoneshe watoto milango ya sakafuni: ni vibao viwili vinavyosukumwa juu na gunia linapopita, halafu vinajifunga vyenyewe nyuma yake. Wataipenda mno, kwa hiyo asiruhusiwe yeyote kusimama juu yake.

Na pasiwashwe moto wa aina yoyote. Vumbi la unga likitanda hewani hulipuka. Kule Minneapolis, Marekani, mwaka 1878, kinu kikubwa cha unga kilicholipuka namna hiyo kiliua watu 18. Kwa watoto wa sayansi hilo ni somo zima: kwa nini rundo la unga haliwaki kirahisi, lakini wingu lake linawaka mara moja?

hisabati_kwanza

Nimependa maelezo ya msagaji. Naongeza kazi ya wale wa nje, ambayo nimeshaifanya na darasa langu.

Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10. Dondosha jani au kijiti, pima sekunde. Tuseme ni 20, basi mwendo ni mita 0.5 kwa sekunde. Upana mita 1, kina mita 0.25. Zidisha vyote, kisha zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruza sakafu ya mfereji. Unapata lita 100 kila sekunde. Kama maji yanaanguka mita 3 kwenye gurudumu, hiyo ni takriban kilowati 3. Si zote zinafika kwenye mawe, nyingine zinapotea kwenye msuguano na maji yanayomwagika. Wanafunzi wangu walikataa kuamini namba ile, wakarudia kupima mara tatu. Sikuwazuia.

Vijana wa ndani wahesabu meno kinu kikiwa kimesimama. Mfano wa kawaida: gurudumu la meno 96 likishikana na la 24, mwendo unazidishwa mara 4. Kisha jozi ya pili ya meno, 90 kwa 24, mara 3.75. Jumla mara 15. Gurudumu la nje likienda mizunguko 8 kwa dakika, jiwe linakwenda 120. Hakuna aliyewahi kuniuliza tena "uwiano una faida gani" baada ya hapo.

Kabla ya safari watengeneze magurudumu mawili ya vibao na vikombe: moja maji yamwagikiwe kutoka juu, jingine yalisukume kutoka chini. John Smeaton, mhandisi wa Uingereza, alijaribu hivyo hivyo kwa mifano midogo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1759: la kumwagiwa juu lilishinda kwa mbali. Watoto watalipata jibu lile lile kwa ndoo moja ya maji.

mwalimu_wa_sita

Nawashukuru sana, kwa kweli sana. Nimempigia simu mwenye kinu leo mchana. Siku wanazosaga ni mbili tu kwa wiki, na tarehe niliyokuwa nimeweka haikuwa mojawapo! Nimeibadilisha. Amekubali pia kutuwekea kinu kimesimama mpaka tufike. Nimeongea na wazazi wa wale wawili wenye pumu, watakuwa kundi la mfereji na wataingia kwenye unga mwishoni.

Msagaji, nina swali moja limebaki. Jiwe lenyewe, watoto wataona nini hasa? Nimeangalia picha, yote yamefunikwa kwa sanduku la mbao.

msagaji_wa_kujitolea

Uko sahihi, mwalimu, likisaga halionekani. Uliza kama wana jiwe la akiba lililoegeshwa ukutani, vinu vingi vinalo. Watoto wapitishe viganja juu yake. Watagundua si laini: lina mifereji iliyochongwa kutoka katikati kwenda ukingoni. Nafaka inaingilia kwenye tundu la katikati, mifereji inaikata kama mkasi na kuisukuma nje, na kadiri inavyosogea ukingoni nafasi kati ya mawe mawili inazidi kuwa nyembamba, hadi mwisho ni kama unene wa karatasi. Jiwe la chini halisogei. La juu, lenye uzito unaoweza kukaribia tani moja, linazunguka juu yake bila kuligusa. Ndiyo sababu kuna kengele kwenye pipa la nafaka: nafaka ikikaribia kuisha inalia, maana mawe yakisagana matupu yanaharibika na kutoa cheche.

Kisha washushe kwenye unga. Msagaji anauchukua kati ya kidole gumba na cha shahada, anausugua, na kwa hisia hiyo anaamua kushusha jiwe au kuliinua kidogo. Mwombe afanye hivyo mbele yao, awape unga wa kabla na wa baada. Watoto wanaitambua tofauti mara moja.

Huyo binti wako mkimya, kama mwenye kinu atakubali, asimame kwenye lango pamoja na anayelifungua, mkono wake ukiwa kwenye mpini. Halafu apande juu haraka na mwalimu wa pili awahi kuona jiwe.

Na mchukue mifuko ya karatasi au ya kitambaa kwa kila mtoto. Unga hutoka ukiwa na uvuguvugu, ukiutia kwenye plastiki unatoa jasho na kuganda kabla hamjafika nyumbani.