Waliofunga geji ya hewa na petroli kwenye pikipiki: tupeane uzoefu

Mpanda Milima: Wakuu, leo asubuhi pale Ngara nimesikia pikipiki ikipasua mabomu kwenye ekzosi kila mwenyewe akiachilia mkono wa mafuta, nikakumbuka mwezi wangu wa mateso. Nilibadilisha ekzosi, nikafunga Power Commander (kisanduku cha kupanga petroli inayoingia injini) pamoja na kile kifaa cha kujirekebisha. Sensa inasoma moshi, kifaa kinalinganisha na namba uliyoweka, kisha kinaongeza au kupunguza petroli chenyewe. Niliweka 13.2, yaani uzito wa hewa mara 13.2 ya petroli. Siku ya tatu pikipiki inanuka petroli, plagi nyeusi tititi, tanki linakauka mbio. Na bado geji inasoma 16, yaani hewa nyingi, petroli kidogo! Kifaa kikazidi kumwaga. Mafundi wawili walisema sensa imekufa, nikanunua nyingine, hali ile ile. Wa tatu, mzee mmoja wa Kirinyaga Road, hakugusa waya hata mmoja. Aliwasha injini ikiwa baridi, akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, tukasikia "tsss" karibu na silinda. Gasketi, ile ya kuziba kati ya silinda na bomba, imepasuka! Hewa ya nje ilikuwa inavutwa ndani ya bomba, sensa inaona oksijeni, inadhani petroli haitoshi.

Kasarani Stage: Hayo ya gasketi yalinipata. Kweli tupu.

Spana Kumi: Pesa ya bure hiyo. Mimi nafungua plagi. Ikiwa kahawia, twende. Nyeupe, weka jeti kubwa (kile kitundu cha kupitisha petroli kwenye kabureta). Nyeusi, weka ndogo. Miaka 11 na Boxer, haijanitupa.

Dada wa Gia Tano: Kaka Spana, plagi inakusimulia ya jana. Nilikuwa na pikipiki ya kabureta. Fundi akaniwekea jeti ndogo kwa sababu Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, hewa nyepesi. Hapa mjini ilienda vizuri mno. Nikashika Mombasa Road kwenda pwani. Kadiri unavyoshuka hewa inazidi kuwa nzito, na jeti ni ile ile, kwa hiyo petroli haitoshi. Nilipopita Mtito Andei nikahisi joto mapajani, nikasema ni jua la Tsavo. Nguvu zikapungua, nikaongeza mafuta. Kabla ya Voi injini iligonga mara tatu, gurudumu la nyuma likakwama. Nilikamata klachi, nikaserereka hadi kwenye changarawe, na lori lililokuwa nyuma likanipita likipiga honi. Upepo wake niliusikia shingoni. Pistoni ilikuwa na tundu la kuingia kidole. Geji ingekuwa mbele yangu, ningeiona ikipanda tangu Emali.

Rongai Mtoto: Woi, pole dada! Ulitokaje hapo?

Dada wa Gia Tano: Pikapu ya vitunguu. Mungu awabariki wale vijana.

Spana Kumi: Pole sana. Lakini kosa ni la fundi. Angekupa jeti kubwa ubadilishe njiani.

Dada wa Gia Tano: Hakunipa. Na plagi niliikagua asubuhi hiyo hiyo, ilikuwa kahawia.

Mzee wa Bomba: Wanangu, turudi kwa sensa. Ifungwe ikiwa imeinama kutoka juu, isikae chini ya bomba. Maji yakiikusanyikia, ukiwasha inapasuka. Pili, zimeni sensa ya kiwanda, la sivyo kompyuta ya pikipiki inavuta huku na kifaa kinavuta kule. Mimi naacha ijirekebishe wiki moja, nakubali mabadiliko, kisha nazima.

Mpanda Milima: Mzee, mimi sizimi kamwe. Leo niko Limuru, kesho Mai Mahiu.

Mzee wa Bomba: Basi namba za mteremko wa Mai Mahiu usizikubali. Ukiachilia mkono wa mafuta, sensa inasoma hewa tupu, kifaa kinakuongezea petroli usiyohitaji.

Kasarani Stage: Mimi nimezikubali zote 😭 nafuta leo.

Spana Kumi: Dada, ile jeti yako ilikuwa namba ngapi? Ijumaa napeleka mzigo Mtwapa.

Dada wa Gia Tano: Usiondoke kabla hujaniandikia kando.