Tupeane uzoefu: serikali ikipanga bei, ile bidhaa huwa inaenda wapi?

Wasee, jana kwa stage kulikuwa na ubishi, mmoja ati serikali ipange bei ya kila kitu na anayepandisha afungwe, mwingine ati ukipanga tu kitu kinajificha. Hapa Kenya sheria ya kupanga bei tuko nayo tangu 2011, Kibaki ndiye aliisaini, waziri anaweza kutangaza bidhaa ni ya lazima na aiwekee bei ya juu. Sitaki nadharia, leteni ile kitu ilikupata wewe.

MamaKioski_Kayole: Mimi nauza kioski. Julai 2022, uchaguzi umekaribia, Uhuru akatangaza pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe 100 kutoka mia mbili na kitu. Asubuhi watu wanakuja wameshika soo moja na stoki yangu nilichukua bei ya zamani, nikiuza nakula hasara, nikikataa naitwa mwizi. Kwa supamaketi ni pakiti mbili kila mtu na rafu inaisha mapema. Nikaenda duka la jumla kutafuta hiyo ya bei mpya, nikaambiwa iko lakini lazima uchukue na katoni ya sabuni, sasa sabuni ya nini na watu wanataka ugali! Kilichoniuma zaidi ni mwenye posho mill, hiyo pesa ya serikali ilipitia kwa kampuni za kusaga unga ya pakiti, yeye hakupewa kitu, gorogoro yake, ule mkebe wa kupimia unga, ikabaki ghali vilevile na huyo ndiye anauzia mtu wa robo kilo.

Wa_Githurai: 2017 ilikuwa hivyo hivyo na ile unga ya serikali ya 90. Tulikuwa tunatuma watoto, kila mmoja anapiga foleni yake, wajifanye hawajuani 😂

boda_umoja: Aprili 2022. Petroli kwa bango 134 na kitu, kwa pampu hakuna. Serikali ilikuwa imeshikilia bei chini na ikaahidi kampuni itawalipa tofauti, malipo yakachelewa, basi hao nao wakalegeza kuleta mafuta, na stesheni ndogo za mtaa ndizo zilikauka kwanza. Mimi nilinunua ya jerikeni huko nyuma ya gereji kwa 200 na sikuuliza imechanganywa na nini.

Mteja: Mnaongea ni kama wauzaji wana huruma. Kabla Desemba 2010 kila stesheni ilijipangia, sai tarehe 14 jioni EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kawi, inatoa bei na najua nitalipa ngapi mpaka mwezi ujao. Septemba 2023 ilifika 211 na nilijaza bila foleni, kwa sababu hapo wanapiga hesabu ya mafuta kuingia, kodi na faida ya muuzaji, halafu ndio wanaweka. Kupanga ukifuata gharama na kupanga sababu kura zinakuja si kitu moja.

fundi_kariobangi: Riba pia ni bei jameni. Septemba 2016 benki zikakatazwa kuvuka asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu, ikawa kama 14, mimi nikashangilia kabisa nikijua mashine ya kuchomelea imefika. Kwenda kuomba, naulizwa title deed. Kwani walikuwa wajinga? Wangemkopesha mtu wa jua kali kwa 14 na bondi za serikali ziko hapo hazina stress? Nikaishia kwa app ya mkopo na kwa shailoku, yule wa kukopesha kwa riba kali, mwezi mmoja riba ya mwaka. Sheria iliondolewa Novemba 2019 na mashine nilinunua na pesa ya chama.

Aliyeanzisha: Na wapangaji? Ile sheria ya zamani ya kodi ya nyumba inalinda 2,500 kushuka chini.

Mathare_wetu: Nyumba ya 2,500 Nairobi gani? 😅 Nilikaa moja ya mabati. Landilodi hakuongeza, ni ukweli, lakini mlango uling'oka akaniambia "kwa hiyo pesa, mlango ni wako". Nikanunua. Nikihama nikaubeba.