Tupeane uzoefu: muziki wa chinichini ndani ya makumbusho, Lubumbashi

Bandugu, kumbi nyingi za maonyesho mgeni anatoka akikumbuka muziki kuliko vitu. Kila mmoja alete anachokijua. Hadithi za "mimi nilikuwa" tuziache, tulete vipimo.

Fundi wa bafle (spika): Pima kwanza ukumbi ukiwa kimya, pale mgeni anaposimama. Ukipata desibeli 40, muziki uishie 45 au 50, maana mtu anayeongea kawaida umbali wa mita 1 ana kama 60, na kiongozi anayetembeza wageni asilazimike kupiga kelele. Bafle moja kubwa mlangoni haifai: ili wa nyuma wasikie, wa mbele wanaumia. Tundika nne ndogo, sauti chini. Zikiwa za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme), unganisha mbili mbili kwa mfululizo, kisha jozi hizo kwa sambamba; ampli (kikuza sauti) itaona omu 8. Ukiziweka zote sambamba ni omu 2, na ampli nyingi zinaungua hapo. Punguza muziki kidogo kati ya herzi 1000 na 4000, sauti ya kiongozi ipite. Besi kata chini ya 100, la sivyo vioo vya makabati vinatetemeka. Vigae na saruji vinarudisha mwangwi. Tundika vitambaa vizito kabla ya kugusa ampli.

Mpanga maonyesho: Wimbo wenye maneno ya Kiswahili ukumbini kwetu ni kosa. Mgeni hawezi kusoma kibao huku akifuata mashairi. Likembe (ala ya vibamba vinavyopigwa kwa vidole gumba) bila mwimbaji ni sawa, lakini si kila mahali! Ukiipiga juu ya vyungu vya karne ya 11 hadi 13 kutoka makaburi ya kale ya Sanga, watoto wa shule wataamini huo ndio muziki wa wafinyanzi wale. Hapo acha kimya. Karindula, banjo kubwa ya pipa la mafuta, iende chumba cha maisha ya mjini.

Mama wa mlango: Mgeni anakaa saa moja, mlinzi anakaa siku nzima. Orodha ya dakika 20 ataizima mwenyewe, na hana kosa. Weka ya muda wa saa 3 angalau.

Fundi wa bafle: Kweli kabisa. Na delestaji (umeme kukatwa): kuran ikirudi, ampli nyingine zinaamka na sauti ya juu. Shusha sauti kwenye kicheza muziki pia, si kwenye ampli tu.

Mpanga maonyesho: Kabla ya kupiga nyimbo za watu hadharani, ulizeni SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo.